Elfu Hamsini za Kumi Bora

Leo nina swali la binti mmoja aliyeajiriwa majuzi tu, na ndiye anayemsomesha mdogo wake wa kidato cha pili. Amemwahidi shilingi 50,000 akiingia kumi bora muhula huu. Mama yao amekasirika, anasema mtoto hahongwi ili asome. Binti anauliza, "Dada, mimi na mama, nani kakosea?"

Mdogo wangu, kwanza hongera. Kubeba madaftari, sare na nauli ya mwenzio kwenye mshahara wa kwanza si kazi ndogo. Hela yenyewe sina ugomvi nayo. Ninachogombana nacho ni kile ulichokiwekea bei. Kumi bora haiko mikononi mwa mdogo wako. Anaweza kukesha akapanda kutoka alama 38 hadi 55, na wenzake nao wakapanda, akabaki wa 24. Atakuwa amefanya kazi ya kiume kweli, halafu anaambulia patupu, na muhula ujao hutamwambia kitu akakuelewa.

Jambo hili limeshapimwa, tena kwa hela nyingi. Kuanzia mwaka 2007, mchumi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Roland Fryer, alisimamia majaribio katika shule za miji kadhaa ya Marekani. New York walilipa matokeo. Mwanafunzi wa darasa la saba aliweza kupata hadi dola 50 kwa mtihani mmoja, na hadi dola 500 kwa mwaka. Alama hazikusogea. Dallas walilipa kitendo: mtoto wa darasa la pili alipewa dola 2 kwa kila kitabu alichosoma na kufaulu maswali mafupi kuhusu kitabu hicho. Dola 2 tu! Na watoto waliopimwa kwa Kiingereza walipanda katika kuelewa wanachosoma.

Wale wa New York waliulizwa wangefanya nini ili walipwe zaidi. Wengi walitaja mbinu za ndani ya chumba cha mtihani, kama kusoma swali kwa makini na kukagua majibu. Kumfuata mwalimu, au kurudia mada iliyowashinda, hakukuwapo midomoni mwao. Hela waliitaka sana. Njia ya kuifikia ndiyo hawakuijua, na hakuna aliyewaonyesha. Mimi hapo ndipo moyo unaponiuma, kwa sababu mtoto akishindwa kupata hela aliyoitaka namna hiyo, hasemi "sikujua njia." Anasema "mimi sina akili."

Kuna kitu kingine cha Dallas nisichotaka ukiruke. Watoto waliofanya mtihani wao kwa Kihispania hawakupata faida ile. Sasa mfikirie mdogo wako. Kama alisoma msingi kwa Kiswahili, ameingia sekondari na kukuta baiolojia, jiografia na hesabu zote kwa Kiingereza. Inawezekana kabisa somo analijua, swali ndilo haelewi linamtaka nini. Elfu 50 haitamtafsiria swali. Kaa naye jioni moja, mpe swali la mtihani uliopita, mwambie akueleze kwa Kiswahili linauliza nini. Utajua tatizo liko wapi ndani ya nusu saa.

Baada ya hapo, hela yako ikatekate. Shilingi 2,000 kila Jumamosi, kwa seti moja ya maswali aliyoyafanya mwenyewe, akayasahihisha, na akakueleza kwa mdomo alipokosea na kwa nini. Elfu 50 itatimia baada ya Jumamosi 25, zaidi ya muhula mzima. Mlipe siku ileile, usimwekee deni. Na ile ahadi ya kumi bora usiizike kimyakimya. Mwambie umeibadilisha na sababu yake. Hata hivyo, akiingia kumi bora muhula huu kwa jasho lake, mpe ulichokwisha kumwahidi, maana neno lako kwake lina thamani kuliko hela hiyo. Ila usiiache ahadi kubwa ikining'inia juu ya namba peke yake: mtoto asiyeona njia atatafuta ya mkato, aangalizie kwa jirani au achezee ripoti kabla haijafika kwako.

Najua mtaniuliza, mbona shule zenyewe hutoa zawadi kwa wa kwanza mpaka wa tatu? Na kweli, kuna mahali zawadi ya namna hiyo ilisaidia. Mwaka 2001, huko Busia na Teso magharibi mwa Kenya, wasichana wa darasa la sita waliahidiwa kwamba watakaoingia katika asilimia 15 ya juu kwenye mtihani wa wilaya watapata udhamini wa miaka miwili. Kila mwaka shilingi 500 za Kenya zilikwenda shuleni kwa ada, shilingi 1,000 kwa familia kwa mahitaji ya shule, na washindi walitajwa mbele ya wazazi na walimu. Mmoja wa waliochunguza mradi huo ni Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Busia alama zilipanda. Walipanda wasichana waliokuwa na nafasi finyu ya kushinda, na walipanda hata wavulana, ambao zawadi haikuwahusu kabisa. Teso faida haikuonekana wazi. Huko radi iliua wanafunzi wa shule moja, baadhi ya wazazi wakautilia mradi mashaka, na shule kadhaa zikajitoa.

Basi pale Busia zawadi ya matokeo ilifanya kazi, siwezi kuwaficha. Lakini angalia kilichotokea: walimu nao walianza kufika shuleni zaidi. Wazazi walifuatilia. Zawadi ya mtoto mmoja iliamsha watu wazima waliomzunguka. Wewe umeweka ahadi chumbani, wawili tu. Nenda shuleni ukaonane na mwalimu wake wa darasa, umwambie unafuatilia. Safari hiyo moja naithamini kuliko elfu 50 yako.

Mama je? Msikilize, maana hofu yake ina mizizi. Mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake walichapisha jaribio la watoto wadogo waliopenda kuchora, katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walioahidiwa cheti ili wachore, baadaye walipoachiwa huru walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti bila kutarajia hawakupungua. Kwa hiyo somo analolipenda mdogo wako, usiliwekee bei. Akifanya vizuri humo, mnunulie kitu kwa kumshtukiza, au mpigie magoti Mungu mbele yake umshukuru. Hela iende kule anakokwepa.

Kuna wengine mmeniuliza kuhusu kulipa mahudhurio: siku tano shuleni, hela Ijumaa. Kabla hujalipa, uliza kwa nini anakosa. Huko Zomba, Malawi, mwaka 2008 na 2009, kundi moja la wasichana lililipwa kwa sharti la kuhudhuria asilimia 80 ya siku za shule, na jingine likapewa bila sharti. Wenye sharti walihudhuria zaidi na kufanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa Kiingereza. Lakini mimba na ndoa za mapema zilipungua kwenye lile kundi lisilo na sharti, hasa kwa wasichana waliokwisha kuacha shule. Hao ndio ambao sharti lingewanyima kila kitu.

Kwa hiyo, wenye wadogo zenu wa kike, bakisheni sharti kwenye hela ya ziada tu. Nauli, pedi na hela ya kula mchana visiingizwe kwenye mashindano yoyote. Akikosa shule wiki nzima, Jumatatu nauli yake iwepo mezani kama kawaida, kwa sababu kituoni yuko mwanamume wa pikipiki aliye tayari kumbeba bure, naye hataki ripoti ya shule.