Safari ya Tanga katika Maji Baridi: Istilahi za Pwani na Msamiati wa Nyanda za Chai

Utangulizi

Makala haya yanachunguza iwapo Kiswahili, lugha iliyolelewa na bahari yenye joto, kinaweza kusimulia safari ya tanga kandokando ya pwani ya Norwei au Skotlandi. Baridi ya kaskazini si ngeni katika maandishi ya Kiswahili: mkusanyiko wa *Safari za Wasuaheli*, uliohaririwa na Carl Velten mwaka 1901, una masimulizi ya Salim bin Abakari kuhusu Urusi na Siberia. Hoja hapa ni kwamba maneno yapo, ila hayatoki mahali pamoja.

Maneno yanayosafiri

Mlingoti, tanga, usukani na nanga havibadiliki. Foromali huhitaji uangalifu, kwa kuwa ni mti unaobeba tanga la jahazi kutoka juu, ilhali mashua nyingi za kaskazini hutandika tanga kwa mti wa chini. Maneno ya mwezi pia husafiri salama. Bamvua na maji mafu hutokea Orkney kama yatokeavyo Lamu, na nahodha anayepita mlango wa bahari wa Pentland Firth, wenye mkondo mkali mno, hukwepa bamvua.

Maneno yenye mtego

Mtego umo katika upepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, nayo ni majira ya joto. Mfasiri akiandika kwamba "kaskazi ilivuma" Norwei mwezi wa Januari, msomaji wa pwani atahisi jua, tena atadhani upepo huo utadumu kwa miezi. Kumbe pepo za huko huweza kugeuka kwa saa chache. Ifaavyo ni "upepo wa kaskazini", yaani neno la upande, si la msimu. Demani nalo ni upande wa chombo usioelekea upepo, na papo hapo ni jina la majira. Umande, ambao kwa mchumaji chai wa Bomet ni unyevu wa majani, kwa baharia ni pia upepo wa asubuhi utokao nchi kavu.

Mchango wa nyanda za juu

Baridi yenyewe haina msamiati mpana pwani. Katika Kericho na Bomet, ambako mashamba mengi ya chai yapo kwenye kimo cha karibu mita 2,000, ukungu na mvua ya mawe ni mambo ya kawaida, na sakitu huunguza majani ya chai. Mwanafunzi wa huko huyatumia maneno haya kwa ujuzi, si kwa kukariri kamusi. Hata hivyo, apambanue: rasharasha za mawimbi zikiganda kwenye kamba na mlingoti, hiyo si sakitu bali ni barafu, na uzito wake waweza kupindua chombo. Kosa la neno hapo huficha hatari.

Hitimisho

Usanifu wa Kiswahili haumo pwani pekee. Masimulizi ya maji baridi humhitaji nahodha wa Lamu na mkulima wa Kericho katika sentensi moja.

Zoezi: Andika aya moja kuhusu mashua inayoingia bandarini Bergen wakati wa ukungu, bila kutumia kaskazi, kusi wala demani. Eleza sababu za kuteua kila neno la hali ya hewa.