SITI YA PIKIPIKI NA MGONGO WA MTUMISHI



Katika somo la robo hii tunazungumzia jambo ambalo ni nadra kuingia katika ajenda za vikao vyetu, ingawa watumishi wengi wanalikalia kila siku: siti ya pikipiki. Tunajua wapo watakaotabasamu. Lakini kabla ya kugeuza ukurasa, muulize mwinjilisti wako ni lini alipofika mara ya mwisho kwenye mtaa ulio mbali kuliko yote, kisha muulize alijisikiaje usiku ule.

Sisi tunafanyia kazi Igawa, mahali ambapo barabara kuu ya Tanzania na Zambia inavuka Mto Mbarali. Ukipanda kwenda Makambako, mji ambao tangu 2012 uko Mkoa wa Njombe na kabla ya hapo ulikuwa Iringa, ni safari ndefu ya malori, upepo na baridi. Ukielekea Mbeya mjini ni zaidi ya kilomita 100. Ukiingia ndani kwa upande wa Rujewa, Ubaruku na Madibira unakutana na vumbi, mifereji ya mashamba ya mpunga na joto la bonde la Usangu. Bwana shamba wa mradi, muuguzi wa huduma ya mkoba au mwinjilisti mwenye mitaa mitatu anaweza kukaa juu ya pikipiki saa 4 hata 5 kwa siku moja.

Ripoti za robo husema vituo vya mbali havikufikiwa kwa sababu ya "ubovu wa barabara" au "upungufu wa mafuta". Mara nyingi ni kweli. Lakini ukikaa na mtumishi faraghani, hasa akiwa amevuka miaka 40, utasikia habari nyingine: makalio yanakufa ganzi, kiuno kinawaka, na akifika anakojengwa mgongo hawezi kuinama kuangalia mche wa mahindi. Haya hayaandikwi kwenye ripoti kwa sababu watu wanaona aibu kuyataja mbele ya Mchungaji. Matokeo yake ni kwamba mtaa wa mbali unatembelewa mara moja kwa robo badala ya kila mwezi, na wazee wa kanisa wa kule wanadhani wamesahauliwa.

Uzito unakaa wapi

Chini ya nyonga tuna mifupa miwili ya kukalia. Ukikaa kwenye benchi gumu na kupenyeza viganja chini ya makalio utaisikia. Mifupa hii imeumbwa kubeba mwili. Nyama laini zilizo katikati yake na mbele yake, penye mishipa ya damu na ya fahamu, hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Siti nzuri ni ile inayouacha uzito juu ya mifupa miwili na kuusambaza kidogo kwenye mapaja. Siti mbaya inauhamishia katikati au mbele, damu inabanwa, na ganzi inaanza.

Kila mtu ana upana wake, na kwa kawaida wanawake wana nafasi kubwa zaidi kati ya mifupa hiyo. Njia rahisi ya kupima ni kutandaza mchanga mbichi juu ya ubao, kufunika kwa mfuko wa plastiki, na kukaa juu yake kwa dakika moja miguu ikiwa imekanyaga chini. Ukiinuka utaona mashimo mawili. Pima kutoka katikati ya shimo moja hadi la pili. Pale unapokaa, siti iwe na upana unaozidi kipimo hicho kwa sentimita kadhaa kila upande, la sivyo mifupa itaning'inia pembeni na utakuwa umekalia nyama.

Ndiyo maana pikipiki nyembamba na ndefu za kupandia milima humchosha mtu kwenye lami. Siti zake zilikusudiwa dereva anayesimama mara kwa mara. Yamaha AG100, ambayo watumishi wengi wa makanisa na miradi wameizoea, ilitengenezwa kwa ajili ya wakulima (herufi AG zinasimama badala ya kilimo), na siti yake ni pana. Pikipiki za bodaboda zinazouzwa sana siku hizi zina siti ndefu na tambarare kwa ajili ya abiria. Si mbaya, ila sponji yake hulala mapema kwa sababu ya mizigo tunayoifunga juu yake.

Ulaini unadanganya

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Mtumishi akilalamika, tunampelekea fundi makochi, naye anaweka sponji nene na laini kama godoro la mgeni. Dukani inapendeza. Kwa dakika kumi za kwanza barabarani inapendeza pia. Baada ya nusu saa mifupa imezama hadi kwenye bao la chini, na sponji iliyobaki inapanda katikati ya miguu na kubana zile sehemu laini tulizozitaja. Mtu anashuka akiwa na hali mbaya kuliko alivyokuwa na siti ya zamani.

Kwa hiyo usipime siti kwa kuibonyeza na kidole gumba, maana kidole hakina uzito wa mtu. Piga goti moja juu yake, uzito wote, uhesabu hadi 30. Goti likigusa bao, sponji hiyo imekwisha au ni laini mno kwako. Mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 90 hawawezi kutumia sponji moja, na pikipiki inapohama kutoka kwa mtumishi mmoja kwenda kwa mwingine, siti nayo iangaliwe upya.

Mwambie fundi aweke matabaka mawili. Chini liwe tabaka gumu, la sponji nzito au ile iliyogandamizwa kutokana na vipande vipande, unene wa kama sentimita 4 au 5. Juu yake liwe tabaka jembamba la wastani, sentimita 2 hivi, la kupunguza ukali tu. Ukikaa mara ya kwanza utaona ni gumu. Subiri ufike Makambako ndipo utoe hukumu.

Angalieni pia mteremko. Siti nyingi, zikizeeka, huinamia mbele. Mwendeshaji anateleza hadi kwenye tangi, anajisukuma nyuma kwa mikono, anateleza tena. Mabega yanachoka na huku analaumu barabara. Kabari ya sponji ngumu upande wa mbele, chini ya tabaka la juu, inarudisha usawa. Ila kila sentimita inayoongezwa inamwinua mtu kutoka ardhini. Mfupi asiyeweza kukanyaga vizuri anaposimama kwenye mchanga ataanguka na pikipiki yake, kwa hiyo fundi apunguze mabega ya siti upande wa mbele ili mapaja yashuke wima. Msikubali kuichukua siti kabla mwendeshaji mwenyewe hajakaa na kukanyaga chini kwa miguu yote miwili.

Kuhusu kitambaa, ngozi ya plastiki inafaa mradi isiteleze. Mshono usipite pale mifupa inapokaa. Maji ya mvua huingia kwenye tundu za sindano, na sponji iliyolowa hukaa na maji siku nyingi, hivyo tandika nailoni nzima chini ya ngozi kabla ya kufunga. Nyeusi inaunguza kwa jua la Ubaruku. Rangi ya kijivu inavumilika zaidi, hata kama vijana wanaona haina heshima.

Wenzetu wa safari ndefu

Huko Marekani kuna chama cha waendesha pikipiki wa masafa marefu, Iron Butt Association, kilichoanza miaka ya 1980. Kipimo chao cha kwanza ni kwenda maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Hatumshauri mtumishi yeyote kujaribu. Tunachopenda kwao ni kwamba wengi hawaendi na sponji laini. Wanatumia siti ngumu zilizochongwa kwa umbo la mtu, na wengine hutandika juu yake ngozi ya kondoo yenye sufi au shanga za mbao kama zile za madereva wa teksi. Sufi na shanga hupitisha hewa, na jasho likikauka ngozi ya mtu haichubuki. Kondoo wetu wa kienyeji kwa sehemu kubwa wana nywele fupi, si sufi, kwa hiyo ngozi yao haileti faida ile ile. Shanga zinapatikana, nasi tumeona zikisaidia kwenye joto, mradi zifungwe barabara zisije zikahama kwenye kona.

Siti haiwezi kila kitu

Mtikisiko nao unaumiza. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2002, uliwawekea waajiri kiwango cha mtikisiko ambacho mfanyakazi asikipite kwa siku, kwa sababu uti wa mgongo wa mtu aliyekaa huathirika zaidi na mitikisiko ya polepole, ile ya mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Barabara ya matuta inatoa mitikisiko ya namna hiyo bila malipo. Kabla ya kumlaumu fundi wa siti, angalia kama shokapu zinavuja, kama springi za nyuma zimekazwa kulingana na mzigo, na kama matairi hayakujazwa upepo kupita kiasi. Ukifika kwenye mabonde, simama juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, mapaja yachukue kazi ya mgongo.

Ondoa pochi kwenye mfuko wa nyuma. Inaegemeza nyonga upande mmoja na kubana mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Tumemwona ndugu mmoja aliyemeza dawa za maumivu kwa miezi, akapata nafuu siku alipohamishia pochi kwenye koti. Dada zetu wanaoendesha wavae suruali isiyo na mshono mnene chini ya kitenge. Wanaonung'unika kuhusu suruali ya mtumishi waombwe wampande wao pikipiki hadi Madibira.

Kila saa moja shuka, tembea dakika tano, nyoosha kiuno. Kwenye barabara kuu hili ni suala la uhai. Mtu mwenye ganzi anajisogezasogeza, anaegemea upande mmoja, anaachia mkono wa usukani ajinyooshe, na lori la kwenda Tunduma liko nyuma yake.

Ganzi ikidumu hadi siku ya pili, au mguu ukiishiwa nguvu, au mkojo ukiwa na damu, mtumishi aende akaonwe na daktari. Ganzi ya sehemu za siri inayokuja pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au choo ni dharura ya siku hiyo hiyo, wala asingoje hadi baada ya Jumapili.

Kwenye bajeti

Miradi mingi huwa na kifungu cha mafuta, matairi na vipuri. Siti haimo, kwa hiyo mtumishi anailipia kutoka mfukoni au anavumilia. Tunawashauri waratibu wa miradi waiandike kama kifungu chake, itazamwe kila mwaka na kujazwa upya goti linapogusa bao. Fomu ya matengenezo ya pikipiki iongezwe mstari mmoja kuhusu siti, ujazwe na mwendeshaji mwenyewe. Na barua ya kwenda kwa fundi itaje uzito na urefu wa mtumishi, pamoja na kile kipimo cha mashimo ya mchangani, isiishie kwenye namba ya pikipiki.