Mguu Kifundo: Viatu Visivuliwe Mapema

Mguu kifundo ni ulemavu wa kuzaliwa ambao wayo wa mtoto huelekea ndani na chini, kisigino kikiwa kimevutwa juu. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 1,000 wanaozaliwa, wavulana zaidi ya wasichana, na mara nyingi chanzo chake hakijulikani. Si laana, wala si kosa la mama.

Mishipa na viungo vya mtoto mchanga bado ni laini. Kwa sababu hiyo Dk. Ignacio Ponseti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliepuka upasuaji mkubwa: aliunyoosha wayo taratibu kwa mikono, akaushikilia kwa hogo lililobadilishwa kila wiki. Mahogo 5 au 6 hutosha kwa kawaida. Watoto wengi hukatwa pia kano ya kisigino kupitia tundu dogo. Kano hiyo hujiunga yenyewe, ikiwa imerefuka, ndani ya wiki 3 za hogo la mwisho.

Hapo wazazi hudhani kazi imekwisha, na hapo ndipo mguu huanza kurudia kupinda. Viatu vilivyounganishwa kwa upau huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha wakati wa kulala hadi umri wa miaka 4 hivi. Mtoto atalia siku za mwanzo. Mhudumu amwonyeshe mama namna ya kukaza mikanda hadi kisigino kikae chini kabisa, akague malengelenge, na amweleze kuwa mguu ulionyooka ndio hasa unaovihitaji viatu hivyo.