Usianze na Ulimi

Mtoto akitimiza miaka miwili bila kusema, ushauri wa kwanza utakaousikia Katoro au Kahama ni kumkata udata, na wa pili ni kumkata kimeo. Wembe unatafutwa kabla ya daktari. Lakini mara nyingi tatizo la kuongea haliko mdomoni. Liko sikioni, kwenye damu au kwenye ubongo, na huko ndiko pa kuanzia.

1. Pima sikio kwanza. Subiri mtoto awe anacheza, amekupa mgongo. Simama hatua mbili nyuma yake, kivuli chako kisimfikie, kisha tikisa kopo lenye maharage. Akigeuka, mwite jina lake kwa sauti ya chini. Wapo watoto wanaoshtuka mlango ukibamizwa lakini sauti ya mama hawaipati, na nyumbani wanaitwa wakaidi. Hata akifaulu jaribio hili, kama bado haongei, aende akapimwe hospitali. Na sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta ya moto wala maziwa. Hiyo ni kazi ya kituo cha afya, na ifanyike mapema.

2. Zijue hatua za umri. Akifika mwaka mmoja awe anabwabwaja na anageuka akiitwa. Mwaka na nusu, awe na maneno machache yake. Miaka miwili, aunganishe mawili: "mama njoo", "leta michembe". Aliyekuwa anaongea kisha akaacha asisubiriwe kabisa. Kisukuma kwa bibi na Kiswahili kwa majirani havimchelewishi mtoto. Ukihesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote mbili.

3. Weka wembe chini. Udata upo kweli, na unaweza kumsumbua mtoto kunyonya au kutamka sauti fulani, ila haumfanyi awe bubu. Kimeo ndiyo kabisa hakihusiki. Mtoto aliyekatwa mtaani anaweza kuvuja damu nyingi au kupata pepopunda. Mdomo sungura na kaakaa lililo wazi ni habari nyingine: hivyo hurekebishwa kwa upasuaji, na Hospitali ya Bugando, Mwanza, inaufanya. Kaakaa lisisubiri mpaka mtoto aanze shule, maana atakuwa ameshazoea kusemea puani.

4. Zebaki isichomwe nyumbani. Hapa nasema kwa uchungu. Nyarugusu, Rwamagasa na kwenye machimbo mengine ya wachimbaji wadogo, dhahabu hukamatwa kwa zebaki, kisha huchomwa kwenye jiko la mkaa, na wakati mwingine ni jiko lile lile la ugali. Mvuke wake hauonekani, nao hushambulia ubongo. Mtu mzima huanza kutetemeka mikono, baadaye maneno hutoka yakiburuzika. Kwa mjamzito, zebaki hupita mpaka kwa mtoto tumboni. Minamata, Japani, ambako ugonjwa uligunduliwa rasmi mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wenye zebaki, wagonjwa walipoteza usikivu na usemi, na watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Chomea mbali na makazi, tumia retoti inayonasa mvuke, na mjamzito asikaribie. Aliye kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, naye azibe masikio: ukilazimika kupiga kelele ili mwenzako wa karibu akusikie, kelele hiyo inakula usikivu wako.

5. Ulizia selimundu. Sikoseli, kama wengi tunavyoiita, ni nyingi Kanda ya Ziwa, na inaweza kumletea hata mtoto mdogo kiharusi. Mtoto mwenye selimundu akipoteza maneno ghafla au akilegea upande mmoja, ni hospitali muda huo huo. Malaria iliyopanda kichwani nayo huweza kuacha shida ya lugha, hivyo mtoto aliyepona degedege la malaria aendelee kuangaliwa anavyoongea.

6. Kigugumizi hakitaki fimbo. Wengi wanaokipata wakiwa wadogo hukiacha wenyewe. Mtazame, msubiri, usimmalizie sentensi. Kikizidi miezi sita au mtoto akianza kuogopa kuongea, tafuta msaada.

7. Shida ya kuongea si ya watoto peke yao. Mzee akivurugika maneno ghafla, usiite mganga. Mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, arudie sentensi fupi. Mdomo ukipinda, mkono ukianguka au maneno yakikataa, chukulia ni kiharusi, mkimbize hospitali. Kumbuka saa kilipoanza, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Usimpe maji wala uji kabla hajachunguzwa kama anameza.

8. Asiyeongea baada ya kiharusi hajapoteza akili. Muulize, "Baba, uji au chai?" huku ukimwonyesha vikombe vyote viwili, kisha kaa kimya mpaka aguse kimoja. Zima redio. Mwimbieni wimbo wa kanisani anaoupenda. Wapo wanaoimba maneno wasiyoweza kuyasema.

9. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini, kwa hiyo omba rufaa mapema: zahanati, hospitali ya mkoa, kisha Bugando. Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017. Mtoto akithibitika ni kiziwi, aanze lugha ya alama sasa hivi akiwa bado mdogo, na familia nzima ijifunze pamoja naye. Shinyanga mjini, Shule ya Msingi Buhangija inapokea wanafunzi viziwi.