Manjano yanang'aa, ila fuvu letu ni nene

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 72. Anauliza jambo moja mara tano kwa saa moja, na juzi aliacha jiko la gesi likiwaka usiku kucha. Mwanangu anasema siku hizi kuna dawa inayofanya ugonjwa wa Alzheimer ung'ae ndani ya ubongo. Nimpeleke wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole kwa kuuguza. Mwanao hakukosea, ila amekwenda mbio. Kwenye ubongo wenye Alzheimer hurundikana protini iitwayo amiloidi. Zipo rangi zinazoishika, nazo zikimulikwa hung'aa. Mojawapo unayo jikoni: kurkumini, inayoyapa manjano rangi yake. Koroga manjano kidogo kwenye spiriti, mulika kwa taa ile ya kukagulia noti bandia, utaona mng'ao wa kijani. Wanasayansi waliirekebisha kurkumini hadi ikang'aa kwa mwanga wa infraredi, wakaiona amiloidi kwenye ubongo wa panya aliye hai.

Panya, lakini. Washa tochi ya simu gizani, izibe kwa kidole: kidole chote kitakuwa chekundu. Sasa ibandike kisogoni, mwambie mwanao atazame kama paji la uso linawaka! Fuvu la panya halifiki milimita moja. Letu ni la milimita kadhaa, na ubongo wenyewe una kina.

Kwa binadamu ikapitwa njia nyingine. Watafiti waliichukua thioflavini, rangi ya maabara inayong'aa ikishika amiloidi, wakaibadili umbo na kuitia mionzi, ambayo fuvu haliizuii. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa njia hiyo Uppsala, Sweden, mwaka 2002. Ndicho kipimo cha PET cha amiloidi. Ni ghali, tena wapo wazee wenye amiloidi na akili zao timamu.

Kwa hiyo usiuze shamba kufuata picha. Anza hospitali ya mkoa. Apimwe presha, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, VVU na kaswende, aulizwe pia kuhusu sonona. Beba dawa zote anazomeza, hata za usingizi na mafua, maana baadhi yake humsahaulisha mzee. Kati ya hayo yapo yanayotibika. Manjano abaki nayo kwenye mchuzi. Kama dawa ya Alzheimer hayajathibitika. Na mtungi wa gesi, kuanzia leo ufungeni kila mnapomwacha peke yake.