Sainasi Iliyo Kimya: Mfupa wa Uso Unapoporomoka Bila Maumivu

Ndani ya mfupa wa shavu, kando ya pua, mna uwazi wa hewa uitwao sainasi ya shavu. Paa lake ndilo sakafu ya tundu la jicho, nalo ni jembamba mno. Uwazi huo hupata hewa kupitia mlango mdogo unaofunguka ndani ya pua.

Mlango huo ukiziba kwa muda mrefu, hewa iliyobaki ndani hufyonzwa polepole na utando na kuingia katika damu. Kwa kuwa hewa mpya haiingii, mgandamizo wa ndani hushuka. Kuta huvutwa ndani, na mfupa hupungua unene. Paa likishuka, jicho nalo hushuka na kudidimia.

Hali hii ilielezwa mwaka 1964, na mwaka 1994 ikapewa jina lenye maana ya sainasi iliyo kimya. Ukimya huo ndio hatari yake. Mgonjwa, ambaye mara nyingi ni mtu wa umri wa makamo, huenda asiwe na maumivu wala kamasi nzito. Hugundua tu kwamba jicho moja limezama, au huanza kuona vitu viwili viwili. Pengine jicho la pili, lisilo na kasoro, hudhaniwa kuwa ndilo lililotokeza, na uchunguzi ukaelekezwa upande usiohusika.

Isidhaniwe kwamba kila sainasi sugu hukondesha mfupa. Mara nyingi uvimbe wa muda mrefu huufanya mfupa unenepe na kuwa mgumu zaidi. Aidha, mfupa ulioliwa hadi kutoboka, hasa penye kutokwa damu puani, ganzi ya shavu au meno kulegea, humlazimu daktari kuchunguza saratani. Kwa mgonjwa ambaye kisukari chake hakijadhibitiwa, fangasi vamizi lazima wafikiriwe mara moja, kwani huweza kuua katika siku chache.

Picha ya CT husaidia kuzitofautisha hali hizi. Katika sainasi iliyo kimya, uwazi huonekana umesinyaa na kujaa ute, na kuta zimepinda kuelekea ndani. Tiba yake ni upasuaji wa kamera kupitia puani, ili kuufungua mlango ulioziba. Hewa ikirejea, kuta huacha kuporomoka, na kwa baadhi ya wagonjwa jicho hurudi juu kiasi katika miezi inayofuata. Kwa sababu hiyo, ukarabati wa sakafu ya jicho mara nyingi huahirishwa.

Basi, jicho linalozama pasipo jeraha, hata lisipouma, lisisubiriwe: mgonjwa apelekwe kwa daktari wa pua na wa macho.