Kutoka Nafsi ya Pili hadi Nafsi ya Kwanza: Lugha na Utafutaji wa Kikao cha Waraibu wa Pombe

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii yamfaa zaidi mraibu wa pombe, kwani mara nyingi jirani zake huujua ugonjwa wake kabla yeye mwenyewe hajathubutu kuutaja. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mtu wa aina hiyo anavyoweza kukipata kikao cha kusaidiana, yanayotendeka humo, na nafasi ya lugha katika kupona kwake.

Suala la istilahi

Neno 'mlevi' latokana na kitenzi 'lewa'. Kiambishi tamati -i, kama katika 'mwizi' na 'mlinzi', humtambulisha mtu kwa tendo lake. 'Amelewa' ni habari ya usiku mmoja. 'Ni mlevi' ni hukumu juu ya mtu mzima. Ndiposa neno hili limekuwa tusi mitaani. 'Mraibu', kwa upande mwingine, latokana na 'uraibu', neno ambalo katika matumizi ya pwani lilihusishwa na tambuu na tumbaku. Halina ukali ule, na kwa hivyo limekubalika zaidi hospitalini na katika maandishi rasmi.

Hata hivyo, uzito wa neno hautegemei kamusi pekee. Mke amwambiapo mumewe, "Wewe ni mlevi," hilo ni shutuma. Mume huyo asimamapo mbele ya wenzake na kusema, "Mimi ni mlevi," neno ni lilo hilo, ila nafsi imebadilika. Shutuma imegeuka ungamo. Kikao cha kusaidiana ni mahali ambapo badiliko hilo la kisarufi huwezekana bila aibu.

Chimbuko la vikao

Chama cha Alcoholics Anonymous (AA) kilianza mwaka 1935 mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. William Wilson, aliyefanya kazi ya hisa, alikuwa ugenini kikazi na kiu ya pombe ikamrejea. Badala ya kuingia baa, alimtafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na Robert Smith, daktari wa upasuaji. Funzo lililozaliwa hapo ndilo msingi wa vikao vyote: mraibu humwelewa mraibu. Hatua 12 za chama hicho zilichapishwa kitabuni mwaka 1939.

Manufaa yake yamethibitishwa. Uchambuzi wa shirika la Cochrane wa mwaka 2020, uliojumuisha tafiti 27 na washiriki 10,565, ulionyesha kuwa mbinu za kitaalamu za kuwaelekeza waraibu kwenye AA ziliwasaidia wengi zaidi kuacha pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo.

Namna ya kutafuta

Kwanza, afya. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla pasi na kumwona daktari. Mtetemeko, kifafa na kuweweseka vinavyoweza kufuata huweza kuua.

Pili, aulize. Nchini Kenya, mamlaka ya NACADA ina simu ya bure, nambari 1192. Mshauri nasaha wa chuo na mhudumu wa hospitali pia huweza kumwelekeza. AA nayo ina vikao humu nchini, na tangu janga la Korona la mwaka 2020 vikao vya mtandaoni vimeenea.

Tatu, atambue aina ya kikao. Kikao cha wazi humpokea yeyote, hata mzazi au mwanafunzi mtafiti. Kikao cha faragha ni cha wenye nia ya kuacha pombe pekee. Jamaa za mraibu nao wana chama chao, Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951.

Nne, aulizie lugha. Mtu huweza kusimulia kazi yake kwa Kiingereza, lakini usiku aliompiga mwanawe huenda ukakataa kusimulika ila kwa lugha aliyolelewa nayo. Asipokipata kikao cha Kiswahili, aombe ruhusa azungumze kwa Kiswahili.

Yatendekayo kikaoni

Mkenya anakijua chama: kina daftari, mchango wa lazima na faini kwa mchelewaji. Kikao cha AA hakina hayo. Hakuna kiingilio, kapu hupitishwa na mwenye chochote hutia. Sharti la uanachama ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Watu hutajana kwa jina la kwanza, na yasemwayo humo hubaki humo. Ingawa vikao vingi hufanyika katika majengo ya kanisa, chama si cha dhehebu lolote. Mgeni halazimishwi kuzungumza. Aweza kusikiliza na kuondoka. Ikiwa kikao cha kwanza hakikumwafiki, ajaribu kingine, kwani kila kikundi kina desturi zake.

Hitimisho

Imebainika kuwa kukipata kikao ni suala la anwani na saa, lakini pia ni suala la maneno. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu hapa: kuwatafsiria wanavikundi, kuandaa istilahi zisizodhalilisha, na kumwelekeza mwenzao wa bwenini badala ya kumbandika jina. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mraibu naye haponi kwa upweke.